Magurudumu yanapovunjika ndege ya mafunzo ikipaa

JUMAPILI, Septemba 9, 2018, msichana wa umri wa miaka 17 alipaa peke yake kwa ndege ndogo aina ya Piper PA-28 kutoka uwanja wa Beverly, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Alikuwa mwanafunzi wa urubani, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa yake ya kwanza ya kwenda uwanja wa mbali bila mkufunzi kando yake. Ndege ilishika kasi, ikaacha ardhi, na papo hapo gurudumu la mguu wa kulia likang'oka.

Habari hiyo ilimfikia kwa redio akiwa tayari angani. Hakuwa na njia ya kurudisha gurudumu hilo, wala hakukuwa na mtu wa kumpokeza usukani. Mkufunzi mmoja aliyekuwa akirusha ndege nyingine karibu na hapo alizungumza naye, akamtuliza na kumweleza hatua kwa hatua jinsi ya kutua. Ndege ilipogusa chini iliegemea upande uliokosa gurudumu, ikaburuta hadi ikasimama. Msichana huyo alitoka bila kuumia.

Kisa hicho kilitangazwa kote duniani kwa sababu ya umri wa rubani. Hata hivyo, hitilafu yenyewe si ya ajabu. Mafundi wanaotunza ndege za mafunzo wanaifahamu, na kila mwanafunzi wa urubani, awe Beverly au Wilson jijini Nairobi, hufundishwa la kufanya inapotokea. Maelezo yafuatayo yanafafanua sehemu hiyo ya ndege, sababu za kuharibika kwake, na kinachoamua iwapo rubani ataondoka salama.

MIGUU YA NDEGE

Ndege nyingi za mafunzo huwa na miguu mitatu. Miwili mikuu huwa chini ya mabawa au kiwiliwili, na ndiyo hubeba sehemu kubwa ya uzito. Wa tatu huwa mbele, chini ya injini, nao huisaidia ndege kukata kona ikiwa ardhini. Breki huwa katika magurudumu mawili makuu pekee, na rubani huzikanyaga kwa ncha za nyayo, kila mguu na breki ya upande wake.

Ndege inayotumiwa zaidi katika shule za urubani ni Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1955. Zaidi ya ndege 44,000 za aina hiyo zimetengenezwa, idadi ambayo haijafikiwa na ndege nyingine yoyote. Miguu yake mikuu ni vyuma vinavyonesa mithili ya springi, na havikunjwi ndege inapoondoka ardhini. Ndege inapotua, vyuma hivyo hutanuka kando, vikameza kishindo, kisha vikarejea mahali pake.

Miguu ya Piper PA-28 imeundwa kwa namna nyingine. Kila mguu ni shokomzoba yenye mafuta na hewa iliyoshindiliwa, huku vyuma viwili vilivyounganishwa mithili ya mkasi vikizuia gurudumu kuzunguka ovyo. Mguu wa mbele wa Cessna 172 pia hutumia shokomzoba ya aina hiyo.

Tofauti hiyo ina maana kwa fundi. Chuma kinachonesa hakina sehemu nyingi za kulegea, lakini kinaweza kuota kutu au kupata ufa pale kinapofungwa kwa boliti kwenye kiwiliwili au pale ekseli inapokutana nacho. Shokomzoba nayo huweza kuvuja mafuta na kupoteza hewa. Ikiisha nguvu, kishindo chote huhamia kwenye boliti na vyuma vya mkasi.

HUUMIA IKITUA, HUVUNJIKA IKIPAA

Msomaji huenda akajiuliza ni kwa nini mguu uvunjike wakati ndege inapaa ilhali kishindo kikubwa hutokea inapotua. Jibu ni kwamba mara nyingi jeraha halikupatikana siku hiyo.

Ndege ya mafunzo huishi maisha magumu kuliko ndege nyingine yoyote ya kiraia. Ndege ya abiria hutua mara moja baada ya safari ya saa kadhaa, tena ikiongozwa na rubani mzoefu. Ndege ya mafunzo huenda ikatua mara nane au kumi katika saa moja, mikononi mwa mtu ambaye bado hajajua kukadiria umbali wa ardhi. Katika zoezi la kugusa na kupaa tena, mwanafunzi hutua, huongeza nguvu ya injini kabla ndege haijasimama, kisha hupaa upya. Kishindo cha kutua na mbio za kupaa hufuatana bila mtu yeyote kupata nafasi ya kushuka na kutazama chini.

Kila kutua kwa kishindo huacha alama ndogo katika chuma. Huenda ikawa ufa usioonekana kwa macho, boliti iliyopinda kidogo, au ukingo wa rimu uliopasuka. Ndege inapokimbia kwa safari inayofuata ikiwa na matangi yaliyojaa na watu wawili ndani, magurudumu huzunguka kwa kasi na kupokea kila tuta na kila shimo. Ufa uliokuwa ukikua kimyakimya hufika mwisho wake. Aidha, mtikisiko wa mbio hizo huweza kulegeza nati isiyokazwa sawasawa au isiyofungwa pini yake, gurudumu likachomoka.

Tairi nazo zina kisa chao. Katika Cessna 172S, tairi za nyuma hujazwa upepo wa pauni 42 kwa kila inchi mraba, na ya mbele pauni 45. Tairi yenye upepo haba hukunjamana inapozunguka, hupata joto na huweza kupasuka. Mwanafunzi aliyekanyaga breki kwa nguvu wakati wa kutua huenda akawa amelisugua tairi sehemu moja hadi nyuzi zikaonekana.

Kuna pia vitu vilivyosahaulika njiani. Mnamo Julai 25, 2000, ndege ya Concorde ilikuwa ikipaa kutoka Paris, tairi lake lilipokanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka kwa ndege nyingine. Tairi lilipasuka, vipande vyake vikagonga bawa lenye tangi la mafuta, moto ukazuka. Watu wote 109 waliokuwemo walifariki, pamoja na wengine wanne ardhini. Ndege ya mafunzo haina kasi wala uzito wa Concorde, lakini somo ni lile lile: jiwe au boliti moja iliyoachwa kwenye njia ya kurukia si takataka ya kupuuzwa.

NAIROBI NA HEWA NYEPESI

Shule nyingi za urubani nchini Kenya ziko katika Uwanja wa Wilson, uliopewa jina hilo mwaka wa 1962 kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mnamo 1929. Uwanja huo uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho kina athari ya moja kwa moja kwa magurudumu.

Ndege hubebwa na hewa. Kadiri ardhi inavyoinuka na jua linavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na ndivyo ndege inavyohitaji kukimbia kasi zaidi ili ibebwe. Cessna 172S huinuliwa pua mita yake inaposoma noti 55, ambazo ni takriban kilomita 102 kwa saa. Malindi, karibu na usawa wa bahari, magurudumu huzunguka kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Wilson, mchana wenye joto la nyuzi 25, mita itasoma 55 zile zile ilhali ndege inapita juu ya lami kwa takriban kilomita 115 kwa saa.

Nyongeza hiyo huonekana ndogo. Hata hivyo, nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, na kwa hivyo breki na tairi hukabiliwa na nguvu inayozidi ile ya Pwani kwa zaidi ya robo. Isitoshe, injini hupungukiwa na nguvu katika hewa nyepesi, na mbio za kupaa huwa ndefu. Magurudumu hukaa ardhini muda mrefu zaidi, kwa kasi kubwa zaidi, kwenye njia ambayo urefu wake ni takriban mita 1,500.

KABLA YA KUACHA ARDHI

Hitilafu ikijitokeza ndege ikiwa bado inakimbia, kanuni ni moja: kukatiza safari. Rubani huondoa nguvu ya injini mara moja, huishikilia ndege iende moja kwa moja, na huifunga breki kwa utaratibu.

Ugumu ni kutambua. Tairi kuu likipasuka, ndege huvutwa kuelekea upande huo. Rubani hukanyaga pedali ya upande wa pili ili kuirudisha katikati, na hutumia breki ya upande mzima kwa uangalifu. Tairi la mbele likiharibika, usukani hutetemeka kwa nguvu na mtikisiko huingia hadi kwenye dashibodi. Hapo rubani huvuta usukani kuelekea kifuani ili kuupunguzia mguu wa mbele uzito, kwani mguu huo ukivunjika, rafadha itagonga lami.

Marubani wengi hufundishwa kujiwekea mpaka kabla ya kuanza mbio. Desturi moja inayotumiwa sana husema kwamba ndege ikifika nusu ya njia bila kufikisha asilimia 70 ya kasi ya kuinuka, safari ikatizwe. Gurudumu lililokwama au breki inayoshika bila kukanyagwa hujifichua kwa njia hiyo, kwa sababu ndege hukataa kushika kasi.

Mwanafunzi hutakiwa kutamka uamuzi huo kwa sauti kabla ya kuongeza moto. Akiusema mapema, hatakuwa na haja ya kuutafuta wakati mikono imeshughulika.

BAADA YA KUPAA

Hali hugeuka ndege ikishaacha ardhi. Kosa baya kuliko yote ni kurudi chini kwa pupa kwenye njia iliyobaki. Ndege iliyopoteza gurudumu bado inaruka vyema. Injini ni nzima, mabawa ni mazima, na mafuta yapo. Hatari iko chini, si juu, na rubani ana muda.

Wakufunzi wana mpangilio wa mambo matatu ambao mwanafunzi huukariri tangu wiki ya kwanza: kwanza kuirusha ndege, pili kujua inakoelekea, tatu kuzungumza. Wengi walioangamia katika dharura ndogo waliangamia kwa kugeuza mpangilio huo. Walishika redio wakaisahau kasi, ndege ikapoteza uwezo wa kubebwa na hewa.

Akishafika kimo salama, rubani hutoa taarifa. Neno la dharura ni "mayday", linalotamkwa mara tatu. Chimbuko lake ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni", na lilianza kutumiwa katika miaka ya 1920 na waendeshaji redio wa uwanja wa Croydon, London. Rubani pia huweka namba 7700 katika kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada.

Waongozaji wa ndege mnarani huweza kumwomba apite chini chini mbele yao ili watazame miguu kwa darubini. Hatua hiyo husaidia kujua iwapo gurudumu limeng'oka kabisa, limepinda, au tairi tu ndiyo imepasuka. Huweza pia kuwaondoa wengine njiani. Anga ya Wilson ina shughuli nyingi, na hatari yake ilidhihirika Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 ilipogongana na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mkufunzi wake walifariki. Ndege yenye dharura ikizunguka katika anga hiyo huhitaji kutengewa nafasi yake.

Kisha huja suala la mafuta. Cessna 172S hubeba takriban lita 200 zinazoweza kutumika, na huchoma kati ya lita 30 na 38 kwa saa. Kuzunguka kwa muda hupunguza uzito na hupunguza kitakachowaka iwapo cheche zitaruka. Septemba 21, 2005, ndege ya abiria aina ya Airbus A320 iliyopaa kutoka Burbank, California, ilizunguka kwa takriban saa tatu baada ya gurudumu lake la mbele kukwama likitazama kando. Ilitua Los Angeles gurudumu likitoa cheche na moto, na hakuna aliyejeruhiwa.

Hapa Kenya, Oktoba 28, 2019, ndege aina ya Dash 8 ilipoteza gurudumu ilipokuwa ikipaa kutoka Lodwar. Marubani hawakurudi Lodwar. Walielekea Eldoret, kwenye njia pana na ndefu na wazima moto wa kutosha, wakatua salama. Kwa rubani wa Wilson, uwanja wa JKIA wenye njia ya zaidi ya mita 4,100 uko umbali wa dakika chache tu.

KUTUA KWA MGUU MMOJA

Rubani aliyepoteza gurudumu moja kuu hutua kwa lile lililosalia. Hukaribia kwa mwendo wa kawaida, si wa kasi, na huiinamisha ndege kidogo kuelekea upande mzima. Gurudumu zima likishagusa lami, hulishikilia bawa la upande mbovu juu kwa usukani kadiri hewa inavyoruhusu. Kasi inapopungua, bawa hushuka lenyewe polepole, likagusa chini ndege ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya mwendo.

Bawa likishagusa, ndege huzunguka kuelekea upande huo. Kwa sababu hiyo, rubani makini hulenga ukingo wa njia ulio upande wa gurudumu zima, ili lami yote iliyosalia iwe upande ambao ndege itakimbilia.

Wengi hudhani kwamba nyasi ni salama kuliko lami. Dhana hiyo ina kasoro. Ardhi laini huweza kuchimbwa na mguu uliovunjika, ndege ikabiduka. Lami hutoa cheche, lakini huiacha ndege iteleze. Wakufunzi wengi hupendelea lami, mradi wazima moto wako tayari.

Kabla ya kugusa, milango hufunguliwa kitasa ili isikwame fremu ikipinda. Mikanda hukazwa. Ndege ikishatulia chini, mafuta hufungwa na umeme huzimwa, na waliomo hutoka mara moja.

Hapa ndipo jaribu kubwa hujitokeza. Rafadha ikigonga lami, hasara haiishii kwenye rafadha. Watengenezaji wa injini kama vile Lycoming huagiza injini ifunguliwe na kukaguliwa ndani, gharama ambayo huweza kuilemea shule ndogo. Baadhi ya marubani wamewahi kuzima injini wakiwa bado angani ili kuinusuru. Mafunzo hupinga jambo hilo. Rubani aliyezima injini hana nafasi ya pili: upepo ukimsukuma au akikadiria vibaya, hawezi kuongeza nguvu na kuzunguka tena. Ndege ina bima na injini hununuliwa.

MAGURUDUMU YANAYOKUNJWA

Mwanafunzi anayeendelea hadi ngazi ya leseni ya biashara hukutana na ndege ambazo magurudumu yake hukunjwa baada ya kupaa, kama vile Piper Arrow au Piper Seneca. Humo taa tatu za kijani humjulisha kwamba miguu yote imeshuka na kujifunga.

Aina mbili za mkosi hutokea wakati wa kupaa. Wa kwanza ni rubani kuvuta wenzo mapema mno, kabla ndege haijashika hewa sawasawa. Ndege huzama tena ikakuta haina miguu. Swichi inayohisi uzito, au kasi ya hewa katika baadhi ya miundo, huwekwa ili kuzuia jambo hilo, lakini haizuii kila mara, kwa kuwa ndege huweza kuruka kidogo kwenye tuta na kuidanganya swichi.

Wa pili ni miguu kukataa kukunjika, au kukunjika upande mmoja. Iwapo yote imebaki chini na taa ni za kijani, ushauri ni kuiacha hapo na kurudi kutua. Kuichezea huweza kugeuza usumbufu kuwa janga. Iwapo mmoja umekwama juu, Piper Arrow ina wenzo wa kuachilia nguvu ya haidroliki ili miguu idondoke kwa uzito wake, na ndege nyingine zina pampu ya mkono.

UKAGUZI NA UKWELI

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege (ICAO), anayetafuta leseni ya rubani binafsi huhitaji angalau saa 40 za kuruka na umri wa miaka 17. Kuanzia saa ya kwanza, yeye huizunguka ndege kabla ya safari. Hutazama tairi na breki, hupapasa mafuta yaliyovuja, hutazama kimo cha shokomzoba, na huhakikisha kila nati ina pini yake. Mafundi nao huikagua ndege kwa kina kila baada ya saa 100 za kuruka na kila mwaka.

Hata hivyo, hakuna ukaguzi unaoweza kuona kishindo kilichofichwa. Ndege ikitua vibaya saa nne asubuhi na mwanafunzi akanyamaza kwa hofu ya kukemewa au kutozwa fedha, anayeikalia saa tano ndiye atakayelipa. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo huweka ukaguzi maalumu baada ya kutua kwa kishindo, na ndiyo maana shule zilizo makini humsikiliza anayekiri bila kumwadhibu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miguu ya ndege, ufa ni ufa wa kweli.

Ajali ikitokea nchini, uchunguzi hufanywa na idara ya serikali ya kuchunguza ajali za ndege, ambayo haimo chini ya mamlaka ya usimamizi, KCAA. Kanuni za ICAO hutaka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 inapowezekana. Lengo la uchunguzi huo, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa.

Mwanafunzi wa Beverly alinusurika kwa sababu ndege yake iliendelea kuruka na yeye akaendelea kuirusha. Hakuharakisha kurudi chini, alisikiliza, na alitua kwa namna aliyofundishwa. Kwa maelfu ya vijana wanaoota kuvaa sare ya urubani, na kwa wazazi wanaouza shamba au kuchukua mkopo kugharamia ndoto hiyo, swali la kuiuliza shule kabla ya kulipa karo si bei ya kila saa pekee. Wanafaa kuuliza pia ndege hukaguliwa na nani, na mwanafunzi aliyetua kwa kishindo hufanywa nini akisema ukweli.